Mpira wa gofu, draiva na zile yadi nne

Je, aina ya mpira wa gofu hubadilisha umbali unaoupata kwa draiva, ile fimbo ya kupigia mbali? Jibu fupi ni ndiyo. Ila kwa mchezaji wa kawaida wa klabu, badiliko lenyewe ni dogo mno kuonekana kwa macho, na mara nyingi anachokisifia au kukilaumu baada ya kubadilisha mpira si mpira.

Tuanze na sheria, maana ndiyo iliyoweka dari. R&A na USGA, vyama viwili vinavyosimamia sheria za gofu duniani, wanataka mpira usizidi gramu 45.93 na kipenyo chake kisipungue milimita 42.67. Kasi yake ya kutoka kwenye kipimo chao isizidi futi 250 kwa sekunde, na hapo wanavumilia asilimia 2 juu. Halafu kuna kipimo cha umbali. Mashine hupiga mpira kwa fimbo inayokwenda maili 120 kwa saa, mpira hutoka kwa pembe ya nyuzi 10 huku ukizunguka mara 2,520 kwa dakika, na jumla ya kuruka na kubingirika isivuke yadi 317, pamoja na yadi 3 za uvumilivu. Kampuni kubwa zote zimekuwa zikigusa dari hilo kwa miaka mingi. Kwa hiyo boksi lililoandikwa kwa herufi nene kuwa mpira huu ni wa kwenda mbali halina siri yoyote ndani. Mipira ya gharama inayochezwa na wachezaji wa kulipwa iko hapohapo juu. Tofauti halisi ziko upande wa chini. Ipo mipira iliyoachwa chini ya dari kwa makusudi, kwa sababu aliyeitengeneza alikuwa akitafuta kitu kingine, hasa ulaini.

Na ulaini ndipo watu wengi wanapoingia mkenge. Utasikia mchezaji akishauriwa: swingi yako (namna unavyozungusha fimbo) ni ya polepole, chukua mpira laini, huo mgumu huwezi kuubonyeza. Si kweli. Draiva inayokwenda hata maili 75 kwa saa hubonyeza mpira wowote ulioko dukani. Mguso wenyewe huchukua kama nusu ya elfu moja ya sekunde, na ndani ya muda huo mpira hubonyea upande mmoja kisha hujirudisha. Mpira laini hubonyea zaidi, na sehemu ya nguvu uliyoitia hupotelea ndani yake kama joto badala ya kurudi kama kasi. Anayepiga maili 110 na kuendelea hulipa gharama hiyo waziwazi. Anayepiga maili 85 hulipa kidogo, na pengine anarudishiwa sehemu yake kwa sababu mpira laini huzunguka pungufu kidogo kuliko ule mgumu. Mtu akiupenda mpira laini kwa namna unavyosikika na unavyohisika mkononi, autumie, hakuna ubaya. Asiununue tu akidhani amenunua yadi.

Hesabu ya haraka ni hii: maili 1 ya kasi ya mpira ni kama yadi 2 za hewani. Mipira miwili ikitofautiana maili 2 kwa mchezaji mwenye swingi kali, tunazungumzia yadi 4. Sasa linganisha na mguso. Mchezaji wa maili 90 akiupata mpira katikati ya uso wa draiva, kasi ya mpira huwa kama mara 1.48 ya kasi ya fimbo, yaani maili 133. Akiukosa kidogo, ukagongwa karibu na kisigino cha draiva, upande ulio karibu na mpini, uwiano ukashuka hadi 1.38, anapata maili 124. Hapo zimekwenda yadi 18, kwa mpira uleule, tii ileile, kile kijiti cha kuinulia mpira. Chukua kalamu ya ubao mweupe, chora doa kubwa nyuma ya mpira, upige; doa hubaki kwenye uso wa draiva. Ukiona madoa 10 yametapakaa kama mvua ya rasharasha, tatizo lako haliko kwenye boksi la mipira.

Mzunguko ni habari nyingine, na hapa aina ya mpira ina sauti kidogo zaidi. Mpira wenye ganda la aionoma, aina ya plastiki ngumu, na vipande viwili tu, kiini cha mpira na ganda, kwa kawaida huzunguka kidogo ukipigwa kwa draiva. Wa ganda la yurethani, plastiki iliyo laini zaidi, wenye tabaka tatu au zaidi hutegemea ugumu wa tabaka la kati: likiwa gumu, mzunguko wa draiva hushuka huku ule wa weji, fimbo ya mapigo mafupi, ukibaki juu, na ndiyo sababu mipira hiyo ni ghali. Tofauti kati ya aina mbili inaweza kuwa mizunguko mia mbili tatu kwa dakika. Je, hiyo ni faida? Inategemea unaanzia wapi. Anayepiga kwa kushuka, mpira ukapanda juu kama kishada na kuanguka bila kubingirika, labda ana mizunguko 3,600. Kupunguza 300 kutamsaidia, ingawa kuinua tii na kusogeza mpira mbele karibu na kisigino cha mguu wa kushoto (kwa anayetumia mkono wa kulia) kutamsaidia zaidi. Yule ambaye mpira wake hutoka chini na huzunguka 1,900, mpira wa mzunguko mdogo utamwibia umbali: hakuna cha kuushikilia hewani. Watu wawili wanaweza kununua boksi moja, mmoja akaongeza yadi 5 na mwenzake akapoteza 5, na wote wakawa wakweli.

Kuhusu wale wanaopinda kulia kila pigo: mpira wa mzunguko mdogo hupunguza mpindo kidogo. Hauunyooshi.

Vibonyeo navyo, vile vishimo vidogo kwenye ganda la mpira, si mapambo. Mpira wenye uso mtupu, usio na kibonyeo hata kimoja, ungekwenda takribani nusu ya umbali. Vibonyeo huitibua hewa inayopita juu ya ganda, ikaushikilia mpira kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuachana nao, na ule mkia wa hewa unaouvuta nyuma ukawa mwembamba. Titleist Pro V1 ya sasa ina vibonyeo 388, Pro V1x ina 348, lakini idadi haikuambii kitu; kinachoamua ni kina, umbo na mpangilio. Kina chenyewe ni kama robo ya milimita. Hapo utaelewa kwa nini tope lililoganda upande mmoja, au rangi iliyopakwa upya juu ya mpira wa zamani, huharibu safari. Mipira inayookotwa bwawani na kuuzwa kwa bei nafuu iko ya aina mbili: iliyooshwa tu, na iliyochubuliwa ikapakwa rangi na kuchapwa nembo upya. Ya kwanza, ikiwa haikukaa majini muda mrefu, naikubali kwa mazoezi na hata kwa mchezo wa kirafiki. Ya pili siigusi. Rangi imejaza vibonyeo, na hujui ndani kuna kiini cha mpira gani.

Sasa kupima. Wengi hupeleka boksi mbili kwenye chumba cha simuleta, mahali pa kupigia mpira ndani huku kompyuta ikikokotoa umbali, wanapiga mipira mitano mitano, kisha wanatoa hukumu. Kuna makosa mawili hapo. Kwanza, vifaa vingi vya ndani huona mpira kwa sentimita chache za mwanzo, vikapima kasi, pembe na mzunguko, halafu vikakokotoa safari iliyobaki kwa fomula moja ya hewa kwa mipira yote. Kazi ya vibonyeo haionekani kabisa. Ukitaka kuiona, toka nje, tumia rada inayoufuata mpira hadi unapotua, au weka mtu mbele na kifaa cha leza.

Pili ni idadi. Mchezaji mzuri wa klabu, hata akitupa mapigo mabaya, umbali wake wa hewani huyumba kwa yadi 12 hivi juu na chini ya wastani. Akipiga mipira 10 ya kila aina, kosa la ile tofauti anayoitafuta ni zaidi ya yadi 5. Yaani akiona aina ya kwanza imeshinda kwa yadi 4, hajaona kitu. Ili yadi 4 zijitokeze kwa uhakika unaoridhisha anahitaji kama mapigo 72 kwa kila aina, 144 kwa jumla, na mgongo wake utakuwa umechoka kabla ya hapo. Ndiyo maana maabara hutumia mashine.

Ukiamua kujaribu mwenyewe, fanya hivi. Chukua aina mbili tu, mipira 6 mipya ya kila aina, iliyolala mahali pamoja usiku kucha ili joto lake lilingane. Mpira wa baridi hutoka polepole. Piga kwa kupokezana, A, B, B, A, usimalize aina moja kwanza, la sivyo utakuwa unapima uchovu au upepo uliogeuka. Mwenzako akupangie mipira kwenye tii huku nembo imefichwa. Andika umbali wa hewani tu, kwa sababu kubingirika ni habari ya nyasi. Pigo lililogonga kisigino au ncha lifute kabla hujaangalia lilikwenda wapi, si baada. Rudia siku tatu tofauti. Na usichanganye mipira ya uwanja wa mazoezi, mingi hutengenezwa idumu, si iruke.

Kwa wanaocheza huku kwetu kuna mtego mwingine, mwinuko. Nairobi iko kama futi 5,500 juu ya bahari, na kanuni ya mkono ni asilimia 1.16 ya umbali kwa kila futi 1,000. Draiva ya yadi 240 ya Muthaiga au Karen, viwanja vya Nairobi, inakuwa kama 226 ukishuka Nyali, Mombasa. Joto la Mombasa hurudisha yadi mbili tatu. Mchezaji anayesafiri na boksi jipya hulaumu boksi. Wenyeji nao husema hewa ya pwani ni nzito kwa unyevu, kumbe mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu. Uzito wa hewa ya pwani unatokana na kuwa karibu na usawa wa bahari. Kwenye hewa nyepesi ya Nairobi, tofauti za vibonyeo na mzunguko kati ya mipira husinyaa, wakati zile za kasi hubaki. Kwa hiyo jaribio la Nairobi lisikuamulie mpira wa Vipingo, kule pwani.

Desemba 2023 R&A na USGA walitangaza kubana kipimo cha umbali: mashine itapiga kwa maili 125, nyuzi 11, mizunguko 2,200, na kikomo cha yadi 317 kitabaki vilevile. Wao wenyewe walikadiria wapigaji wakali kabisa watapoteza yadi 13 hadi 15, na mchezaji wa kawaida 5 au pungufu. Hizo 5 ndizo watu wanazozitafuta kwa kubadilisha maboksi.

Mimi ningeanza kuchagua nikiwa yadi 40 kutoka kwenye griini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, na weji mkononi. Piga aina tatu, mipira 5 kila moja, uone upi unasimama baada ya mdundo wa pili na upi unaendelea kutambaa hadi upande wa pili. Tofauti ya hapo utaiona bila rada. Ukishapata miwili inayosimama unavyotaka, ndipo uipeleke kwenye tii na draiva, na isipoachana kwa zaidi ya yadi 5 baada ya siku tatu, chukua ule wa bei ndogo.