Je, wajua Bach aliwezaje kuwa na wimbo mpya karibu kila Jumapili?

Ukitaka kumwelewa mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach, mfikirie kwanza kama mwalimu wa kwaya. Mei 1723 alihamia Leipzig, Ujerumani, kushika muziki wa Shule ya Mtakatifu Thomas, na hapo alibaki hadi alipofariki mwaka 1750. Wanafunzi awafundishe, muziki wa ibada za makanisa makubwa mawili ausimamie, na miaka ile ya mwanzo karibu kila Jumapili atoe kantata, wimbo mrefu wa kwaya na vyombo. Aliwezaje?

Kwanza, Kilatini alikikwepa. Alitakiwa akifundishe, akamlipa mwalimu mwenzake thaler 50 (sarafu za fedha za wakati ule) kwa mwaka amshikie vipindi. (Nawajua walimu ambao wangelipa zaidi ya hapo.)

Lakini siri kubwa ni kwamba darasa lenyewe ndilo lililokuwa karakana. Bach akishatunga, wanafunzi, mkewe Anna Magdalena na wanawe walikaa kunakili sauti moja moja, maana mwimbaji hakupewa wimbo mzima bali sehemu yake tu. Mistari mitano ya nota ilichorwa kwa mkupuo mmoja, kwa kalamu yenye ncha tano. Kwenye karatasi zilizobaki unaona mwandiko ukibadilika katikati ya wimbo: mmoja kaachia, mwingine kapokea. Na kijana anayenakili besi ya Bach wiki baada ya wiki, hata asipofundishwa utunzi, atauokota.

Kalenda ya kanisa nayo ilimpa pumzi. Wakati wa Majilio na Kwaresima, kantata Leipzig zilisimama karibu kabisa. Baada ya ukimya wa namna hiyo, Ijumaa Kuu ya 1724, watu walisikia kwa mara ya kwanza Mateso ya Yohana, kazi yake ndefu inayoimba mateso ya Yesu kama yalivyo katika Injili ya Yohana.

Tena hakuona haya kurudia kazi yake. Desemba 1733 alitoa wimbo wa kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mke wa mtawala wa Saxony, dola lililokuwa na mji wa Leipzig, unaofunguliwa kwa ngoma. Krismasi ya 1734 ngoma zilezile zilifungua Oratorio yake ya Krismasi, yaani hadithi ya kuzaliwa kwa Yesu iliyoimbwa na kwaya na vyombo. Maneno tu ndiyo yaliyobadilishwa.

Fedha je? Sehemu ya kipato chake ilitoka kwenye mazishi, ambako kwaya ililipwa. Mwaka 1730 alimwandikia rafiki yake akilalamika: mwaka uliotangulia hewa ilikuwa nzuri mno Leipzig, watu hawakufa sana, naye akapoteza zaidi ya thaler 100.