Kufunga bahari ni nini, na kwa nini huanza na pweza

Ukiambiwa kijiji fulani cha pwani kimefunga bahari, usidhani watu wamezuiwa kuingia majini. Ngalawa zinakwenda, nyavu zinatupwa, watoto wanaogelea kama kawaida. Kilichofungwa ni kipande cha mwamba ambacho wavuvi wenyewe wamekaa wakakichagua, wakakiwekea mipaka inayojulikana, na wakakubaliana kwamba pale hapatavuliwa pweza mpaka tarehe waliyoipanga. Mahali pengine huzuia uvuvi wa kila aina ndani ya mipaka hiyo, pengine huzuia pweza tu. Muda wa kawaida ni kama miezi mitatu. Siku ikifika, mwamba unafunguliwa na watu wanashuka kuvua.

Katika pwani yetu jambo hili linajulikana Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, ambako wanakijiji wamelifanya wakishirikiana na shirika la Mwambao, na kaskazini zaidi huko Pate, Lamu. Wanaolisimamia ni kamati ya wavuvi ya shehia kwa upande wa Zanzibar, na BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufukwe, kwa Kenya na Tanzania Bara.

Kwa nini pweza, na si changu au chewa? Jibu liko katika maisha yake. Pweza wa miamba yetu, ambaye wanasayansi humwita Octopus cyanea, anaishi mwaka mmoja, akizidi sana mwaka na nusu. Katika muda huo mfupi anatoka kuwa kitu kidogo kuliko punje ya mchele mpaka kuwa mnyama wa kilo kadhaa. Anakula sana kaa na kome, na mvuvi mzoefu hulijua pango lake kwa magamba yaliyotapakaa mlangoni. Chakula hicho chote kinageuka nyama kwa kasi ambayo samaki wa mwambani hawaikaribii. Pweza wa nusu kilo akiachwa miezi mitatu, uzito wake unapita maradufu.

Sasa fikiria jioni ya mnadani. Pweza huuzwa kwa kilo. Mvuvi aliyemtoa yule wa nusu kilo leo amelipwa nusu kilo, na hadithi imeishia hapo. Angemwacha msimu mmoja, pango lilelile na mchokoo uleule, ile fimbo ya kumtolea pweza pangoni, vingempa kilo nzima na zaidi. Lakini hawezi kumwacha peke yake, kwa sababu akimwacha yeye, jirani atamchukua bamvua linalofuata. Hapo ndipo ilipo maana yenyewe ya kufunga bahari: ni ahadi ya kusubiri inayowekwa na watu wote kwa pamoja, kwa kuwa kusubiri kwa mmoja hakuna faida.

Kuna kosa moja nimelisikia mara nyingi, hata kwa watu wanaolitetea jambo hili kwa moyo wote. Husema bahari ikifungwa pweza "huzaana" humo, ndiyo maana siku ya kufungua wako wengi. Sivyo inavyokwenda. Pweza jike hutaga mara moja tu maishani. Huyatundika mayai yake, maelfu kwa maelfu, kwenye dari la pango, akayalinda na kuyapepea maji safi kwa wiki kadhaa bila kula, na yakianguliwa yeye anakufa. Vitoto vinavyotoka havikai pale. Vinabebwa na mkondo, vikielea baharini kwa wiki kadhaa kabla ya kutua mwambani, na vinapotua pengine ni mbali na kijiji vilipozaliwa. Kwa hiyo mwamba uliofungwa miezi mitatu unampa mvuvi kilo. Faida ya uzazi ipo, lakini inagawanywa na mkondo, na huenda anayeivuna ni mtu wa kisiwa kingine. Nasisitiza hili kwa sababu kijiji kilichoahidiwa uzazi kikapata uzito tu hukata tamaa bila sababu, ilhali uzito peke yake ulitosha kabisa kuwalipa kusubiri kwao.

Mfano uliochunguzwa kwa undani zaidi uko ng'ambo ya maji, kusini magharibi mwa Madagaska. Mwaka 2004 wavuvi wa jamii ya Wavezo wa kijiji cha Andavadoaka, wakisaidiwa na shirika la Blue Ventures, walifunga kwa miezi saba eneo la Nosy Fasy. Vijiji jirani viliyaona matokeo wakaiga. Watafiti baadaye walizichambua funga 36 za eneo hilo, za kati ya miezi miwili na saba, kila moja ikichukua kama sehemu moja ya tano ya bahari ya kijiji. Katika siku 30 baada ya kufungua, pweza waliopelekwa sokoni waliongezeka kwa asilimia 718 wakilinganishwa na siku 30 kabla ya kufunga. Takwimu hiyo ndiyo watu wanayopenda kuitangaza. Mimi naiamini zaidi nyingine iliyo kando yake: kiasi cha pweza anachovua mvuvi mmoja kwa siku kiliongezeka kwa asilimia 87. Ile ya kwanza imechanganya mambo mawili, pweza wakubwa na umati wa watu walioshuka siku za ufunguzi. Hii ya pili inamhusu mtu mmoja na kapu lake.

Jambo la maana zaidi katika utafiti huo ni kwamba, kwa jumla, mapato ya vijiji kutokana na pweza hayakushuka wakati wa kufunga. Nne ya tano za bahari zilikuwa wazi, watu wakaendelea kuvua huko. Ndiyo maana eneo linalofungwa huwa dogo. Ukifunga bahari yote, umewafungia watu chakula.

Hata hivyo "kijiji" hakivui. Wanaovua ni watu, na hawavui mahali pamoja. Wanawake huenda kwa miguu maji yakipwa sana, wakitafuta pweza katika mwamba wa karibu. Wanaume wengi huvaa miwani wakazamia kwenye kina. Kamati ikichagua kufunga mwamba wa karibu kwa kuwa ni rahisi kuulinda, mzigo wote wa kusubiri unamwangukia mwanamke ambaye hana ngalawa ya kumpeleka kwingine. Kisha siku ya kufungua, mzamiaji mwenye nguvu anaweza kufika kabla yake. Mahali ambapo wanawake hawakuwamo kwenye kikao cha kuchagua eneo, mimi siwezi kusema kwamba bahari ile imefungwa kwa makubaliano.

Watu pia hulichanganya neno hili na hifadhi. Mwamba wa Chumbe, karibu na mji wa Unguja, umehifadhiwa rasmi tangu 1994 na haufunguliwi. Kuruwitu huko Kilifi, wavuvi wenyewe walilitenga eneo lao lisivuliwe kabisa, na matumbawe na samaki wakarejea. Hizo ni kazi nyingine. Chewa anahitaji miaka mingi kukua. Ukimfungia miezi mitatu hutaona tofauti katika uzito wake, na siku ya kufungua atavuliwa pamoja na wengine wote waliojikusanya mahali penye utulivu. Kufunga kwa muda kunamfaa mnyama anayekua haraka na kufa mapema, na kwa kumtumia pweza kama kipimo cha samaki wote, kijiji kinaweza kujidhuru.

Siku ya ufunguzi yenyewe inahitaji kupangwa kama harusi. Habari husambaa, wavuvi wa dago, wale wanaopiga kambi ugenini, hufika na vyombo kutoka mbali, wanunuzi huja na barafu na mizani. Watu mamia wakitembea juu ya matumbawe kwa saa tatu wanaweza kuvunja nyumba ambazo pweza wa mwaka ujao wangezihitaji. Bei nayo huanguka kama pweza wote wameletwa kwa pamoja na mnunuzi ni mmoja. Kwa hiyo ni vizuri kupatana bei na wanunuzi kabla ya siku yenyewe, kuamua njia za kupita mwambani, na kukubaliana uzito ambao pweza aliye chini yake ataachwa.

Juu ya uzito, sheria ya Tanzania Bara inakataza pweza aliye chini ya gramu 500. Ni kinga ya kweli dhidi ya kuvuna watoto. Lakini vipimo vilivyochukuliwa huko Madagaska vinaonyesha kwamba dume hupevuka akiwa na gramu mia sita na ushei, wakati jike hupevuka akikaribia kilo mbili na robo. Jike wa kilo moja, ambaye sheria inamruhusu na mnunuzi anamfurahia, bado hajawahi kutaga. Funga ya miezi mitatu ikiangukia majira mazuri inaweza kumvusha mpaka huo, na vijiji vinavyoandika uzito na jinsia ya pweza wao kila ufunguzi ndivyo vitakavyoweza kujua ni miezi ipi.

Na jike aliyekwisha kuvuka mpaka huo na kutaga anatambulika. Pango lake halina magamba mapya mlangoni, kwa kuwa ameacha kula. Ukichungulia utaona mayai yananing'inia darini kama nyuzi za ushanga mweupe, naye amejibana chini yake na minyiri imekunjwa. Amekonda, nyama yake haina thamani kubwa sokoni. Mvuvi anayemtambua humpita, akaenda pango linalofuata.