Mafuta ya kula yenye mitishamba ya Kichina: maana yake

Ni mafuta ya kupikia ya mimea miwili au zaidi yaliyochanganywa, kisha yakalowekewa au kupashiwa mitishamba ya tiba asilia ya China. Jina ni moja, lakini kazi ni mbili.

Kazi ya kwanza ni kuchanganya, na Wachina huita mafuta hayo tiaohe you. Mafuta ya mbegu za Camellia, mmea wa jamii ya chai, yanayokamuliwa sana katika majimbo ya Hunan na Jiangxi, yana asidi ya oleiki (aina mojawapo ya asidi za mafuta) nyingi kama ya zeituni. Ya mbegu za zisu, mmea wa jamii moja na mrehani, yana omega-3 kwa wingi. Soya ina omega-6 zaidi; zote mbili ni asidi za mafuta pia. Mchanganyaji hutafuta uwiano usiopatikana kwenye mmea mmoja. Mnunuzi asome lebo, si picha: kanuni ya China ya GB 2716 ya 2018 inataka chupa ionyeshe kiasi cha kila mafuta yaliyomo.

Kazi ya pili ni mitishamba yenyewe. Orodha ya serikali ya China ya 2002 ina vitu 87 vinavyohesabiwa kuwa chakula na dawa pia, vikiwemo tangawizi, goji (tunda dogo jekundu), mdalasini, hata karafuu. Huko katika jimbo la Sichuan, mafuta ya mbegu za rapa hupashwa mpaka yatoe moshi, yakapoa kidogo ndipo hutiwa tangawizi, mdalasini na mzizi wa mtishamba uitwao baizhi. Tangawizi ikianza kujikunja na kuwa kahawia, viungo vyote huopolewa upesi. Vikiungua, mafuta yanakuwa machungu.

Hapa ndipo ningependa kila mtu aelewe: mafuta hubeba kile tu kinachoyeyuka ndani yake. Rangi ya chungwa ya goji huingia, lakini sukari zake changamano, zile zinazosifiwa sana, huyeyuka kwenye maji, hivyo hubaki kwenye makapi. Basi kijiko cha mafuta haya si kikombe cha dawa iliyochemshwa. Na gramu moja bado ina kalori 9, ndiyo maana mwongozo wa lishe wa China hubaki kwenye gramu 25 hadi 30 za mafuta kwa siku.

Ukijaribu nyumbani, tumia viungo vilivyokauka kabisa. Kitunguu saumu au mzizi mbichi uliozama kwenye mafuta hukosa hewa, na vijidudu vya sumu ya botulini hupenda mahali hapo. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kwa kitunguu saumu cha namna hiyo. Ukitumia kibichi, weka mafuta kwenye friji na uyamalize ndani ya siku chache. Usisubiri yanuke, kwa sababu sumu hiyo haina harufu.