Sikukuu Inayopangwa Kuanzia Tarehe 27

Nimefundisha sayansi kimu hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na kila Desemba inapoingia wanafunzi wangu wa zamani, majirani na ndugu huniuliza swali lilelile: maandalizi ya Krismasi yaanzie wapi? Wengi hutarajia niwatajie rangi ya mapazia au orodha ya vyakula. Mimi huwaambia waanzie asubuhi ya tarehe 27, wakati Krismasi na Siku ya Kufungua Zawadi zimekwisha kupita, wageni wengine bado wamelala sebuleni, na mwenye nyumba amesimama kwenye mlango wa jiko akitazama masufuria. Kila kitu kilicholetwa nyumbani kwa ajili ya sikukuu lazima kiwe mahali fulani asubuhi hiyo. Anayejua mapema kitakuwa wapi amekwisha kumaliza sehemu ngumu ya mipango yake.

Kwa kipimo hicho, mapambo mengi yanayouzwa Kariakoo hayafai kwa mji huu. Desemba joto letu hupita nyuzi 30 mchana, hewa ya bahari imejaa unyevu, na mvua za vuli mara nyingi hazijakwisha. Karatasi za kumetameta hulegea baada ya siku mbili, gundi huachia, na ukutani hubaki alama zinazodai rangi mpya mwezi Januari. Napendelea vitu vinavyoota hapahapa: matawi ya mvinje yaliyosimikwa katika ndoo ya mchanga uliolowa, makuti mabichi ya mnazi yaliyosukwa kuzunguka mlango, bogenvilia katika chupa za kioo, na mrehani na asumini mahali ambapo mgeni atapita akasikia harufu kabla hajaona chochote. Makuti yakatwe asubuhi ya mkesha na kunyunyiziwa maji, kwa kuwa yakikatwa mapema zaidi hunyauka. Mvinje uliokauka hushika moto haraka sana, kwa hiyo mishumaa isiwekwe karibu nao. Taa ziwe za LED, ambazo hazipati joto kali, na kebo moja ya kuongezea umeme isichomekwe juu ya nyingine. Umeme ukikatika, chomoa taa na friji, kwa sababu unaporudi huweza kuja kwa nguvu inayounguza vifaa.

Kuhusu malazi nitasema machache. Magodoro ya sakafuni huazimwa, lakini vyandarua havitoshi kamwe, na mgeni aliyetoka nyanda za juu kama Njombe au Makete, ambako malaria ni kidogo, mwili wake hauna kinga kama ya mtu aliyekulia Temeke. Huyo ndiye wa kupewa chandarua kwanza, hata kabla ya wenyeji. Maji nayo yahesabiwe kabla wageni hawajafika. Watu kumi wanaooga mara mbili kwa siku, kila mmoja kwa ndoo ya lita 20, humaliza lita 400 kwa siku kabla chombo kimoja hakijaoshwa.

Sasa nifike kwenye chakula, ambako nitakaa kwa muda, kwa kuwa hapa ndipo upendo wetu wa kukirimu huweza kudhuru watu. Mwaka mmoja mimi mwenyewe niliacha sufuria ya pilau juu ya jiko lililozimwa usiku wa Krismasi, nikaifunika vizuri, nikaenda kulala nikiwa nimechoka. Asubuhi niliipasha moto mpaka ikatoa mvuke, nikiamini kwamba moto umemaliza kila kitu. Kufikia adhuhuri watu wanne walikuwa wanatapika, akiwamo mama mkwe wangu aliyekuwa amesafiri kutoka Singida kuja kula sikukuu na wajukuu zake. Nilikuwa tayari ninafundisha somo hilo darasani wakati huo, na nilijua ninachopaswa kufanya. Sikukifanya kwa sababu sinia zote zilikuwa chafu na friji ilikuwa imejaa soda.

Sababu yake ni hii. Mchele hubeba mbegu za bakteria anayeitwa Bacillus cereus, na mbegu hizo hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa katika joto la kawaida la chumba, mbegu huamka, bakteria huzaliana na kutoa sumu, na aina moja ya sumu hiyo haiharibiki hata ukiupasha wali moto kwa muda mrefu. Kwa hiyo kupasha moto hakuokoi pilau iliyolala nje. Kanuni ninayoifundisha ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 kwa zaidi ya saa mbili, na mahali penye joto la zaidi ya nyuzi 32, kama vile chini ya turubai la uani saa nane mchana, kisizidi saa moja. Hotipoti husaidia ikiwa imesuuzwa kwa maji ya moto kwanza na kujazwa hadi juu, kwa maana kazi yake ni kutunza joto lililopo. Pilau vuguvugu ikitiwa humo hukaa katika joto lilelile ambalo bakteria hulipenda.

Wali unaobaki nautandaza katika sinia pana, kina chake kisizidi vidole viwili, naufunika kwa kawa ili nzi wasiutue, nauacha mbele ya feni, na mara unapopoa nautia katika vyombo vidogo ndani ya friji. Ndiyo maana nasisitiza kwamba nafasi ya masalio itengwe katika friji tangu tarehe 24. Soda na maji ya kunywa vikae ndani ya deli lenye barafu, ambako watoto watafungua na kufunga watakavyo bila kuitoa friji ubaridi wake. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hutunza chakula kwa takriban saa nne, na friza iliyojaa kwa saa 48, au saa 24 ikiwa imejaa nusu.

Hata hivyo dawa bora ya masalio ni kupika kwa hesabu. Mimi hupiga hesabu ya watu wanane kwa kilo moja ya mchele wa pilau wenye nyama, na kwa watoto watatu nahesabu watu wazima wawili. Wapo wanaoona aibu sufuria ikiisha, na hofu yao naielewa, kwa kuwa mgeni wa sikukuu hana miadi. Kwa ajili yake huweka viazi vilivyokwisha menywa ndani ya maji, mayai, na maembe, ambayo wakati huo wa mwaka yamejaa sokoni. Chipsi mayai na embe dodo lililokatwa huandaliwa kabla mgeni hajamaliza kusalimia nyumba nzima, na havilali.

Katika hesabu hiyo zimo pia sahani za majirani. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam kuku na mbuzi wa Krismasi huchinjwa na Mwislamu, ili jirani yeyote aweze kula bila wasiwasi, na siku ya Idd sahani hurudi upande wa pili. Sahani hizo zipakuliwe mwanzo, pilau ingali ya moto, na zipelekwe na watoto waliokwisha kuvaa nguo mpya. Nimeona nyumba nyingi zikipeleka sahani jioni, kutoka katika kile kilichobaki baada ya wageni wote kula. Jirani hutambua, na akinyamaza si kwa kukosa kutambua.

Zawadi ndiyo sehemu ninayoipenda, na kwa mwanamke mtu mzima sijaona inayoishinda kanga. Haihitaji kufungwa katika karatasi itakayotupwa, haimpiti kimo, na tarehe 27 tayari iko kiunoni mwa mwenyewe akifagia uwanja. Lakini kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, na anayenunua kwa kuangalia rangi peke yake amenunua nusu. Jirani yangu mmoja alimpa wifi yake doti nzuri ya samawati, akaikabidhi mbele ya wageni. Wifi akaikunjua, akasoma kwa sauti: Hasidi hana sababu. Kisha akauliza polepole, "Wifi, maneno haya ni yangu?" Mtoaji hakuwa ameyasoma, na nusu ya mwaka haikutosha kulimaliza jambo hilo. Maduka ya kanga ya Mtaa wa Uhuru hayakosi mtu wa kukukunjulia doti kumi ukitaka, kwa hiyo simama, soma, na ujiulize maneno hayo yatasikikaje yakisomwa na mpokeaji, tena mbele ya watu. Kwa mama mzazi, Nani kama mama halijawahi kukosea. Doti huuzwa ikiwa kipande kimoja, basi ipeleke kwa fundi ikatwe na kupindwa kabla hujaitoa, isipokuwa kwa bibi, ambaye mara nyingi hupenda aione nzima na kuikatisha mwenyewe.

Kwa watoto neno langu ni moja, na ni la tahadhari. Vikaragosi na magari yanayowaka taa mara nyingi huwa na betri ndogo ya duara kama kifungo. Mtoto akiimeza na ikanasa kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili, kwa hiyo akimeza apelekwe hospitali mara moja bila kungoja dalili. Nunua tu kile ambacho mfuniko wa betri yake umefungwa kwa skrubu.

Na dada wa kazi, tafadhali, asipewe zawadi yake tarehe 26 jioni akiwa amekwisha kuosha vyombo vya watu 30. Apewe mwanzoni mwa Desemba, pamoja na ruhusa na nauli, kwa sababu mabasi ya mikoani hujaa mapema na naye ana mama anayemngoja.

Usafi wa baada ya sikukuu huanza na mafuta. Mafuta yaliyokaangiwa kuku na maandazi yakimiminwa kwenye sinki huganda ndani ya bomba, na chemba iliyoziba wakati nyumba ina wageni kumi na wawili ni adhabu ya nyumba nzima. Yapooze, yachuje yale yanayofaa kutumika tena, na yaliyobaki yafyonzwe kwa majivu au magazeti kabla ya kutupwa.

Halafu toka uani. Madafu yaliyonywewa huacha vifuu, sherehe huacha vikombe vya plastiki na visoda, na mvua moja ya vuli hugeuza vyote kuwa mabwawa madogo. Mbu anayeeneza dengi, ambaye huuma mchana, hutaga mayai katika maji machache kama hayo, na katika joto letu yai huwa mbu kamili ndani ya takriban siku saba hadi kumi. Dar es Salaam iliugua dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na waliolala kitandani kwa maumivu ya viungo hawajasahau. Vifuu vilivyoachwa tarehe 25 vitakuwa vimetoa mbu kabla watoto hawajarudi shuleni. Kwa hiyo vipasuliwe au vianikwe vikitazama chini siku ileile, na kazi hiyo naiweka mbele ya kuosha masufuria, ambayo yanaweza kulowekwa. Taka zisichomwe uani, hasa zikiwamo plastiki na karatasi za kumetameta, maana moshi wake ni sumu. Ukikodi sahani za udongo kutoka kwa kikundi cha akina mama cha mtaani badala ya kununua za kutupa, taka zenyewe zitakuwa mfuko mmoja.

Taa zizungushwe kwenye kipande cha boksi, zifutwe chumvi ya hewa kwa kitambaa kikavu, na zifungwe ndani ya kanga iliyochakaa ili zisishike kutu. Makuti na mvinje huenda kwenye shimo la mbolea. Sahani za majirani huzirudisha za mwisho, kwa vile hairudi sahani tupu: mwaka jana zilirudi na maandazi niliyokanda asubuhi ya tarehe 28, nyumba ilipokuwa imetulia na unga wa sikukuu ungali nusu mfuko.