Kuchukuliwa mtoto hakumvui mtu uzazi

Juzi nimelisikia tena, safari hii kwa baba mtu mzima, mwenye skuli yake na kazi yake: "Wakili, wacha tu, mtoto kishakuwa wa serikali." Mwanawe kakamatwa kwa tuhuma za wizi. Baba hakwenda kituoni wala mahakamani. Kakaa kwake akingoja serikali imfunze adabu kijana. Neno hili nalisikia Chake Chake, nalisikia Wete, nalisikia Micheweni, na kila linaposemwa kuna mtoto anayebaki peke yake mbele ya watu wazima wasiomjua.

Hakuna mtoto wa serikali. Kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Serikali inapomshika, kwa ulinzi au kwa kosa, imeshika amana, na mshika amana huulizwa. Na jamani, musininukulie ile sheria ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara. Mambo ya watoto si ya Muungano. Huku tuna sheria yetu.

Pia tutenganishe mambo. Mahabusu ya polisi ni kitu kimoja, Chuo cha Mafunzo, yaani jela yetu, ni kingine, na nyumba ya watoto ya Mazizini, kule Unguja, ni kingine kabisa. Kwenye viwili vya mwanzo mtoto anatuhumiwa au ametiwa hatiani. Mazizini anapelekwa kwa sababu hana wa kumlea au kwao hapana salama. Watu wanavichanganya hadi msichana aliyedhuriwa na jamaa yake anarudi mtaani na kuulizwa, "Ulifanya nini wewe hata ukachukuliwa?"

Haki za kawaida nazipitia haraka, kwa sababu ziko wazi. Ibara ya 37 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania imeuridhia tangu 1991, inataka kumfungia mtoto liwe jambo la mwisho na kwa muda mfupi iwezekanavyo; apate msaada wa sheria mapema; asichanganywe na wakubwa. Kwenye hilo la kuchanganywa, mkataba huo umeacha mlango kidogo pale maslahi ya mtoto yanapotaka vyengine. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, tuliouridhia 2003, haukuacha: ibara ya 17 inasema watenganishwe, basi.

Linalonikera mno ni umri. Haki zote hizo zinaning'inia kwenye tarakimu moja ya hati ya mashitaka, na tarakimu hiyo mara nyingi huandikwa kwa kumtazama mtoto usoni. Ana ndevu, ana sauti nzito, anabeba magunia bandarini: andika 18. Kijana mwenyewe akiulizwa atasema 18 vilevile, kwa kuwa anaona haya kuitwa mtoto au kaambiwa na wenzake kuwa wakubwa hupata dhamana upesi. Ikishaandikwa hivyo, analala na wanaume, na kesi inakwenda kwenye mahakama ya wakubwa. Kuja kuirekebisha baadaye ni kazi kubwa. Cheti cha kuzaliwa kimeliwa na mchwa, kadi ya kliniki imepotea, sheha, kiongozi wa mtaa, anaandika barua kwa kukumbuka. Nimewahi kushika kadi iliyokunjwa mara nne, wino umefifia, mwaka umebaki tarakimu mbili za mwisho tu. Hizo mbili ndizo zilizomtoa mtoto kwenye chumba cha wakubwa. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ililisema wazi mwaka 2019: penye shaka juu ya umri, shaka hiyo imfae mtoto. Kwa hiyo ewe baba unayengoja nyumbani, kazi yako ya kwanza ni kwenda kituoni na karatasi hiyo mkononi, siku hiyohiyo.

La pili ni familia. Ibara ya 9 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inasema serikali ikimtenganisha mtoto na mzazi, hata kwa kumweka kizuizini, familia ikiuliza yuko wapi lazima ijibiwe, isipokuwa jibu lenyewe litamdhuru mtoto. Na mtoto ana haki ya kuonana na wazee wake, ila pale ambapo kuonana kunamuumiza. Haki hiyo ni ya mtoto kabla ya kuwa ya mzazi, ndiyo maana mzazi hana ruhusa ya kuisamehe. Hapa Pemba ina uzito wake: mtoto wa Micheweni akiwekwa Mazizini, kwa mama yake ni boti, nauli na siku nzima ya kazi iliyopotea. Haki iko kwenye karatasi, na bahari iko katikati.

Sasa niseme linalonisumbua mwenyewe. Sheria inataka mtoto asikilizwe, nami ninaisimamia kwa nguvu zangu zote. Lakini mtoto anapoulizwa "unataka kukaa na nani?" huku ami yake amekaa benchi la nyuma, jibu lake ni la nani? Na kafala, yaani kumchukua mtoto wa mwengine umlee bila ya kumbadilisha nasaba, ambayo dini yetu inaijua na sheria ya 2011 inaitambua, ni njia bora kuliko kituo, naamini hivyo. Hata hivyo nimeona mtoto akichukuliwa na jamaa kwa kafala kisha akageuka wa kuteka maji na kulea wenzake, na afisa ustawi hapiti tena kwa kuwa ndugu wameona muhali kusema. Kumwacha kituoni akue bila ya jamaa, au kumpeleka penye jamaa nisiowaamini: bado nalala na swali hilo.

Kwa hiyo mwanao akichukuliwa, nenda. Uliza kachukuliwa kwa amri ya nani, na uioneshwe kwa maandishi. Uliza jina la afisa ustawi anayeshughulikia jalada. Uliza amri hiyo itapitiwa upya lini, maana ibara ya 25 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inataka mtoto aliyewekwa chini ya uangalizi wa serikali hali yake iangaliwe kila baada ya muda, asije akasahauliwa huko. Tarehe hiyo iandike, na ikifika uwepo.