Volyumu ya sabufa kwenye gitaa, na mengine yanayosemwa

Tabora ni mji wa magitaa tangu enzi za bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Inauma basi kusikia solo la kwaya limefubaa kwa sababu ya volyumu, kile kifaa kidogo kinachozungushwa kupandisha na kushusha sauti, iliyochaguliwa kwa kukisia.

Dhana inayoharibu magitaa kuliko zote ni hii: "Volyumu ni volyumu tu." Fundi anang'oa moja kwenye sabufa mbovu, anaichomelea kwenye gitaa, inazunguka vizuri, anapokea hela yake. Lakini volyumu za sabufa mara nyingi ni 50k, yaani omu 50,000 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), au chini ya hapo. Gitaa la umeme lisilotumia betri kwa kawaida huwekewa 250k kama pikapu, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, ni za koili moja, na 500k kama ni hambaka, zile za koili mbili. Volyumu, hata ukiifungua mpaka mwisho, huvujisha sehemu ya umeme wa pikapu kwenda athi. Omu zikipungua, uvujaji unazidi, na kinachoumia kwanza ni ule ukali wa kilohezi 2 hadi 5 unaolifanya solo lisikike juu ya ngoma na kinanda. Kwa 50k, gitaa husikika kama limefunikwa blanketi.

"500k ina nguvu zaidi." Hapana. Sauti haiongezeki kwa maana. Kinachozidi ni ukali, na kwenye koili moja unaweza kukera masikio.

"Ya bei ghali ina toni nzuri." Hapa wengi wanapoteza hela. Viwanda vingi huruhusu tofauti ya asilimia 20, kwa hiyo iliyoandikwa 500k inaweza kuwa 400k au 600k. Ukitoa ya 410k ukaweka ya 560k, utasikia tofauti kweli, lakini ni ya omu, si ya jina la kampuni. Ya ghali inaweza kudumu zaidi na kuzunguka kwa ulaini, hilo nakubali. Kabla ya kuifunga, weka nyaya za mita ya kupimia omu kwenye miguu miwili ya pembeni usome mwenyewe.

"Volyumu zilizoandikwa A na B zina toni tofauti." Ikiwa imefunguliwa yote, hakuna tofauti. Herufi hizo huonyesha sauti inavyopanda unapozungusha. A ndiyo hupanda taratibu kwa sikio.

"Ikikwaruza, imekufa." Kwa vumbi letu la kiangazi, mara nyingi ni uchafu tu. Pulizia dawa ya kusafishia viungo vya umeme, zungusha mara nyingi, usubiri ikauke. Mkwaruzo ukibaki palepale, hapo nunua nyingine.