Je, wajua? Mtu anayejua anakoelekea hahesabu mibofyo

Ukimwagiza fundi akutengenezee tovuti ya shule, saccos au lodji pale Tabora mjini, kuna sharti moja utakalolisikia mapema: kila kitu kipatikane ndani ya mibofyo mitatu, la sivyo mgeni anaondoka. Ni sharti la siku nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikuwa limeshazoeleka kwa watengeneza tovuti wa Marekani, likasambaa dunia nzima, na linasikika la busara. Lakini watu hawako hivyo.

Mwaka 2003 Joshua Porter, wa kampuni ya utafiti ya User Interface Engineering huko Marekani, alilipima. Alichambua kumbukumbu za watu 44 waliojaribu kukamilisha kazi 620 kwenye tovuti, mibofyo zaidi ya 8,000 kwa jumla. Kama sharti lingekuwa kweli, baada ya mbofyo wa tatu tungeona watu wakikimbia. Hawakukimbia. Waliobofya mara nyingi hawakuwa na kinyongo zaidi kuliko waliobofya mara chache. Kilichowaudhi watu ni kukosa walichokuja kukitafuta, na aliyekosa ndiye anayelalamika kwamba amebofya mno.

Huhitaji maabara kuliona hili. Siku matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, ingia steshenari yoyote yenye kompyuta. Mama ameshika karatasi yenye namba ya mtihani ya binti yake. Kijana wa dukani anafungua tovuti ya Baraza la Mitihani, anabonyeza matokeo, anachagua mtihani, anachagua mwaka, anabonyeza herufi T, anashuka hadi Tabora Girls, anafungua, kisha anateremsha kidole kwenye kioo akitafuta namba. Ile mitatu imepitwa zamani, na wala hakuna aliyelalamika. Kila hatua ilijitaja kwa jina ambalo mama yule mwenyewe analijua: mtihani, mwaka, shule, namba.

Sasa tazama sharti linavyoharibu kazi. Ili kila kitu kiwe karibu, fundi anarundika kila kitu mlangoni: menyu yenye mistari arobaini, vitufe vya rangi sita, matangazo yanayotembea. Mibofyo imepungua kweli, ila mtu anatumia muda mrefu kusoma na kuchagua. Nalikataa sharti hili kwa moyo wote, kwa sababu linampa mwenye tovuti kitu rahisi cha kuhesabu na kumwondolea swali gumu: je, mgeni anajua pa kubonyeza?

Swali hilo Peter Pirolli na Stuart Card, waliokuwa watafiti wa kituo cha utafiti cha Xerox PARC huko California, walilifanyia kazi kubwa, na mwaka 1999 wakachapisha nadharia yao. Waliazima hesabu za wanaikolojia wanaochunguza jinsi mnyama anavyotafuta chakula, na wakati gani anaamua kuhama sehemu moja kwenda nyingine. Mtu anayetafuta taarifa naye hupima vivyo hivyo: dalili zilizo mbele yake zinaahidi kiasi gani, na zitamgharimu nini.

Mrina asali anayemfuata ndege wa asali katika miombo ya Sikonge anaifanya hesabu hiyo kwa miguu. Ndege analia, anarukia mti wa mbele, anatua, analia tena. Mtu anamfuata mti wa kumi, wa ishirini, wala hahesabu, maadamu sauti iko mbele. Ndege akinyamaza, mtu anasimama. Anasikiliza, anageuka huku na huku, anarudi pale alipomsikia mara ya mwisho. Ukimya ukizidi anaacha, hata kama nyuki wako kwenye mti unaofuata. Kwenye tovuti, maneno ya linki ndiyo sauti hiyo, na kitufe cha kurudi nyuma hubonyezwa pale sauti inapokatika.

Chukua mfuga nyuki anayetaka kuuza asali nje ya nchi. Linki iliyoandikwa "Kibali cha kusafirisha asali" inamwita. "Huduma zetu" inamwita kidogo sana, maana chini yake panaweza kuwa na lolote. "Bofya hapa" haimwambii kitu. Na kwa asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini kwa sauti, ni mbaya zaidi: programu hizo huweza kumsomea linki peke yake, moja baada ya nyingine, naye anasikia bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa.

Haya yote hayana maana kwamba urefu wa njia si kitu. Mwaka 1998 Kevin Larson na Mary Czerwinski wa Microsoft walipanga vitu 512 kwa namna tatu: ngazi tatu zenye chaguo nane nane, au ngazi mbili, 16 kisha 32, au 32 kisha 16. Waliopitia ngazi tatu ndio waliochelewa zaidi. Nadhani sababu inarudi kwenye maneno yaleyale: chaguo nane zinazobeba vitu 512 lazima zipewe majina mapana, na jina pana linaita kwa sauti ndogo.

Kuna pia mtandao wenyewe. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia kompyuta, aliandika mwaka 1993 kwamba mtu akisubiri zaidi ya sekunde moja mawazo yake huanza kukatika, na ikizidi kumi umakini unahamia kwingine. Kwa aliye kijiji cha mwambao wa Uvinza, mtandao ukisumbua, kila mbofyo ni kusubiri upya na bando linalopungua. Hapo hatua moja ya ziada ni gharama halisi. Lakini hata hapo ningeanza na uzito wa ukurasa kabla ya idadi ya kurasa: picha moja ya simu iliyopakiwa bila kupunguzwa inaweza kuwa na megabaiti tatu au nne, wakati ukurasa wa maandishi matupu una sehemu ndogo tu ya hizo.

Mwenye tovuti anaweza kulipima hili mwenyewe bila mtaalamu. Ampe simu mtu asiye mfanyakazi wake, amwombe atafute ada ya muhula wa pili au bei ya chumba, kisha anyamaze, asimwelekeze. Mibofyo aiache. Aandike kila mahali kidole kinapobaki hewani, na neno lililokuwa mbele yake wakati huo, kisha abadilishe neno hilo.